Rezo ya simu ifike pia ziwani

Wandugu wavuvi, na wamama munaouza samaki,

Sambaza hawangoji. Samaki hawa, walioletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanavuliwa usiku kwa taa. Kukikucha, wauzwe au waanikwe; jua likishapanda, bei inashuka. Mvuvi akiweza kupiga simu akiwa bado ziwani, mama wa Kituku anajua alete beseni ngapi na feza ngapi. Lakini ukitoka mbali kidogo na Goma, kuna sehemu ambako milima inaziba rezo kabisa. Kuelekea Idjwi, mara nyingi simu inashika rezo ya Rwanda, na unite zinakwisha mbele hujamaliza salamu.

Kuna wanaosema: "Mutuletee kwanza nyavu, antene itakuja nyuma." Ninawaelewa. Lakini wavu unaongeza samaki tu, hauongezi mnunuzi. Huko Kerala, nchini India, simu zilifikia wavuvi kuanzia 1997, na mawimbi ya antene za pwani yalienda kilomita 20 na zaidi baharini. Mtafiti Robert Jensen alionyesha mwaka 2007 kwamba faida ya wavuvi ilipanda kwa 8%, na wanunuzi nao wakalipa bei iliyopungua kwa 4%. Hawakuongezewa nyavu, walijua tu soko gani lina watu wanaotafuta samaki.

Tena kuna uhai. Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe, Rais aliagiza kila msafiri avae jile. Ni vizuri. Lakini jile inakushikilia juu ya maji tu. Anayekuja kukutoa humo lazima kwanza aitwe.

Kampuni za simu zinaangalia faida, hiyo si siri. Zinahesabu nyumba za kando ya ziwa, watu wanaolala juu ya maji hawahesabiwi. Ndiyo maana sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 iliweka mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni zinaona hayalipi. Mfuko huo hauwezi kujua giza la rezo liko wapi kama sisi tunanyamaza.

Kwa hiyo, kila koperative ifanye hesabu yake: mitumbwi mingapi, wavuvi wangapi kwa usiku, unite za kiasi gani zinanunuliwa kwa juma. Muandike pia majina ya sehemu ambako simu inakufa, na kilima gani kinatazama ziwa vizuri, kwa sababu antene haijengwi majini, inajengwa juu. Koperative moja ikienda peke yake, itaambiwa irudi kesho. Za Goma, Sake, Minova na Idjwi zikipeleka barua moja yenye hesabu moja, kwa kampuni na kwa FDSU, hapo itakuwa vigumu kusema ziwani hakuna wateja.