Mwalimu wa upishi afundishwe jikoni



Natoa maoni yangu juu ya mafunzo ya walimu wa Sayansikimu.

Wazazi wetu walilisoma somo hili katika shule za msingi kwa jina hilo. Baadaye upishi na ushonaji vikawa sehemu ya Stadi za Kazi. Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika, na sekondari sasa zina mkondo wa amali. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini amali haifundishwi kwa chaki peke yake.

Kwa miaka miwili niliyokaa chuoni, tulinakili hatua za kupika na kushona kutoka ubaoni. Hatukuwasha jiko wala kugusa cherehani. Je, mwalimu wa namna hiyo akifika kijijini atafanya nini zaidi ya kuwanakilisha watoto?

Hapa Mombo malori hupita yakitoka Lushoto na kabichi, karoti na viazi. Mpunga tunalima wenyewe. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini kote watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Umaskini na maradhi vimo, lakini kutojua kumo pia. Yupo anayechemsha mchicha mpaka ukalala, kisha akamwaga maji yake. Yupo anayeuza maharage yote akanunua soda.

Wengine husema somo hili ni la wasichana. Mimi ni mwanamume na sikubaliani nao. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeshika fedha za mavuno. Asipojua kupanga matumizi, elimu ya mama itaishia chunguni.

Kwa hiyo napendekeza: kila chuo cha ualimu kiwe na jiko, bustani na cherehani, na mwanachuo apimwe kwa kazi ya mikono yake. Jiko hilo liwe la kuni na mkaa pia, si la gesi tu. Sisi tulio kazini tupewe mafunzo wakati wa likizo. Wavulana nao wafundishwe sawa na wasichana.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitupa Elimu ya Kujitegemea. Kujitegemea huanzia nyumbani. Wahusika wanasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mombo, Korogwe.