Mnara wa mita hasi 128!



Juzi nilikaa na kijana wangu wa kidato cha tatu. Swali lake: ukiwa mita 20 kutoka kwenye kitako cha mnara wa msikiti, kilele kinaonekana kwa pembe ya nyuzi 30. Mnara una urefu gani? Akafungua kikokotoo cha simu, akabonyeza, akaandika: mita –128. Wala hakushtuka! Mnara umezama ardhini, yeye anafungua ukurasa mwingine.

Simu haikukosea. Ilikuwa kwenye RAD, yaani iliisoma 30 kama radiani, sio nyuzi. Ukiweka DEG, tanjenti ya 30 ni 0.577, mara 20 ni mita 11.5.

Wako wanaosema tuwapokonye simu. Sikubaliani nao hata kidogo. Abul-Wafa al-Buzjani, aliyefariki mwaka 998, aliandaa majedwali ya tanjenti, na kazi ya jedwali ni ile ile ya kikokotoo: kupunguza mzigo. Wa kulaumiwa ni sisi wazazi, tunaompa mtoto simu kabla hajajua kukadiria. (Na sisi je? Zaka ya shilingi 3,640,000 ni kugawa kwa 40 tu: 91,000. Mtu anazidisha kwa 0.25, anapata 910,000, anaanza kunung'unika!)

Kwangu sasa ni sheria: andika makadirio kwa kalamu kwanza, ndipo uguse simu. Kijana alinuna siku mbili. Jana jibu na makadirio yalipishana, akarudi mwenyewe kuangalia RAD.