Kelele za Kasarani hazihesabiwi Agosti 10

MWAKA wa 2027 utakuwa na shughuli tele kwa shabiki wa soka wa Kenya. Kuna AFCON itakayoandaliwa hapa pamoja na Tanzania na Uganda. Halafu kuna Uchaguzi Mkuu, ambao Katiba imeupanga Jumanne ya pili ya Agosti, yaani Agosti 10. Kuhusu AFCON kila mtu ana lake la kusema, kuanzia kikosi cha Harambee Stars hadi tiketi. Kuhusu kura, eti "sisi ni watu wa mpira, siasa tumewaachia wenyewe."

Huo ni uzembe, na wanaoumia ni watu wa mpira hao hao.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kwa hivyo ule uwanja wa mtaani ambao magoli hayana nyavu na katikati pamegeuzwa njia ya bodaboda, wa kuulizwa kwanza ni gavana na MCA, si FKF. MCA ndiye hupitisha bajeti ya kaunti. Shabiki anataja wachezaji wa akiba wa Arsenal bila kusita, lakini muulize MCA wake ni nani, utasubiri.

Mwaka wa 2022 waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1. Zaidi ya milioni saba kati yao hawakupiga kura. Pengo kati ya William Ruto na Raila Odinga lilikuwa kura 233,211, watu wa kujaza Kasarani mara nne hivi. Kwa MCA, ambaye huchaguliwa na wadi moja tu, pengo la kura chache si ajabu.

Kisha kuna jezi. Kila msimu wa kampeni, waheshimiwa hugundua ghafla kwamba wanapenda soka. Dimba la wadi linaanzishwa, mipira inagawanywa, timu zinavishwa rangi za chama. Vijana wachukue mfano wa refa: akipokea kitu ili aamue mechi, hakuna anayeita hiyo zawadi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkamata anayetoa hongo ya kura na anayeipokea pia. Na mbona dimba lenyewe huisha kampeni zikiisha?

Siku yenyewe ina kanuni zake. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni saa hiyo hafukuzwi, atapiga kura. Mtu huenda na kitambulisho ama pasipoti aliyojisajili nayo. Picha ya kitambulisho kwenye simu haitoshi. Kura ni siri, kwa hivyo zile selfi za debeni ziachwe. Anapewa karatasi sita, na ya MCA isichukuliwe kama mechi ya kirafiki.

Asiye kwenye sajili, hata afike kituoni alfajiri, atarudi nyumbani. Usajili hufanyika katika ofisi za IEBC za maeneobunge, na huko ndiko pia kituo huhamishwa. Shabiki anayeishi Kayole na jina lake liko Kakamega aamue mapema: ahamishe kituo, ama aanze kuweka nauli.