Mgema na Asisifiwe kwa Ukali Peke Yake

Wahenga walituachia neno kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Neno hili ni la watu wa pwani wenye minazi, nasi wa Singida hatuna minazi. Pombe yetu ni ya mtama, ya uwele na ya asali. Walakini tumelitafakari sana siku hizi, na twaona kwamba kwetu mambo yamegeuka. Mpika pombe wa hapa akisifiwa hatii maji, bali hutia moto. Sababu ni sisi wenyewe tunaomsifu, maana sifa tumpayo ni moja tu, nayo ni ukali.

Habari yenyewe ni hii. Watano katika sisi, wote watumishi wa serikali, tulikuwa tukibishana kwa muda mrefu ni nani katika Mandewa apikaye pombe iliyo bora. Kila mmoja alimtetea wake, na hoja zote zilikuwa za namna moja: "Ya huyu ni kali." "Ya yule yashinda. Vikombe viwili tu na mtu haioni njia ya kwao." Hakuna aliyesema neno juu ya harufu wala ladha wala usafi wa mtungi. Mwisho mmoja wetu akauliza: "Mabwana, barua ikija ofisini twaisoma kwanza ndipo tutoe shauri. Mbona pombe twaihukumu baada ya kupoteza akili za kuhukumia?" Tukanyamaza. Basi tukaazimia kuifanya kazi hiyo kama ipasavyo.

Jumamosi iliyofuata tulinunua pombe kwa akina mama watatu, kila mmoja lita mbili. Kijana wa nyumba tuliyokutania akaimimina katika bilauri mahali tusipoona, akaziandika kwa chaki namba 1, 2 na 3. Sisi hatukujua ipi ni ya nani. Tuliafikiana kwamba kila mtu aonje mafunda matatu tu, anywe maji kabla ya kwenda bilauri nyingine, na aandike alama zake kwenye karatasi kabla hajafungua kinywa. Sharti hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa mkubwa wa ofisi akitangulia kusema, wadogo huona ladha ileile aliyoiona yeye.

Alama hatukuzibuni wenyewe. Kule Marekani kiko chama cha waamuzi wa bia kiitwacho BJCP, kilichoanzishwa mwaka 1985, na hati yao ya kuhukumia hutumiwa katika nchi nyingi. Jumla ni alama 50, nazo hugawanywa hivi: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi inavyokaa kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Msomaji na aitazame hesabu hiyo vizuri, atafute safu ya ukali. Hataiona, haimo. Ukali huulizwa kwa njia nyingine tu: je, kileo kilichomo chafaa kwa namna ya pombe hii, na je, kimekaa vema pamoja na mengine, au kimeyafunika yote?

Bilauri namba 1 ilikuwa ya mtama na uwele. Rangi yake kama udongo mwekundu, nzito, na vipovu vidogo vilikuwa bado vikipanda. Harufu ilikuwa ya nafaka iliyokaangwa kidogo, na uchachu wake wa kiasi, kama maziwa mgando ya siku ya pili. Wengi hudhani uchachu ni kasoro; sivyo. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Uji hupikwa, huachwa uchachuke, ndipo kimea kitiwe ili kiugeuze wanga kuwa sukari, na chachu iile sukari hiyo na kuitoa kileo. Uchachu ule wa kwanza ndio uzuiao vijidudu vingi viharibifu. Pombe ya namna hii aghalabu huwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4, nayo yapaswa kunywewa ndani ya siku chache. Si kali, wala haikuumbwa iwe kali.

Namba 2 ilikuwa wanzuki, pombe ya asali, nayo mkoa wetu wajulikana kwa asali yake. Iling'aa kama chai isiyo na maziwa. Tulipoinamisha pua tulipata harufu ya maua ya porini, na kwa nyuma nta kidogo. Utamu ulikuwapo, lakini ulimalizika kwa ukavu uliotaka mtu aonje tena. Hii ilikuwa kali kwelikweli. Walakini ukali wake ulikuja polepole, ukapasha kifua joto bila kuchoma koo. Sote tuliandika alama za juu.

Namba 3 ilitushangaza kabla ya kuifikisha kinywani. Ilinuka kama rangi ya mlango iliyopakwa jana. Ladha yake ilikuwa sukari mbichi, kisha moto, kisha uchungu uliobaki ulimini. Tulipohesabu, wanzuki ilishinda, ya mtama ikaifuata kwa alama chache, na namba 3 haikufika nusu ya alama zote.

Kijana akatuambia majina. Namba 3 ilikuwa pombe ileile ambayo watatu katika sisi walikuwa wakiitangaza mjini kuwa ndiyo bora ya Mandewa yote. Twakiri jambo hili kwa haya.

Tulimwendea yule mama kwa adabu, si kumlaumu bali kumwuliza. Naye hakutuficha. Alisema: "Wanangu, zamani nilikuwa naiacha siku zake zitimie. Wateja wakasema haina nguvu, wakahamia kwa jirani. Nikaongeza sukari, nikaiweka karibu na moto iwahi Jumamosi. Wakarudi. Mimi ninasomesha watoto kwa mtungi huu. Mkisifu ukali, nitapika ukali. Mwenye kunifundisha ni ninyi."

Maneno hayo yalituchoma kuliko pombe yenyewe, maana ni kweli tupu. Chachu ikilemewa na sukari nyingi na kukaa kwenye joto kubwa hufanya kazi kwa pupa, ikatoa vileo vizito na harufu kama ile ya rangi. Kwa hiyo moto wa kooni si dalili ya nguvu. Aghalabu ni dalili ya haraka. Ziko pombe kali duniani zisizochoma hata kidogo. Huko Ubelgiji watawa wa Westvleteren hupika bia yenye kileo kipatacho asilimia 10, mara mbili ya bia ya kawaida ya chupa, nayo hunywewa taratibu katika bilauri pana yenye mguu. Wajuzi huisifu kwa harufu ya matunda makavu na kwa ulaini wake. Hawaisifu kwa idadi ya watu iliyowaangusha.

Tena jambo hili si la ladha peke yake. Mnamo Novemba 2000 mjini Nairobi walikufa watu zaidi ya 100 baada ya kunywa kinywaji cha magendo kilichotiwa methanoli ili kiwe kikali. Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya pombe za kukenekwa kama gongo, si ya pombe ya nafaka. Basi na wakumbuke Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, walipokufa watu zaidi ya 70 kwa pombe ya nafaka iliyonywewa baada ya mazishi. Kwanza ilidhaniwa kuwa mtu ameitia sumu; wachunguzi wakaja kuona kwamba sumu yenyewe ilitokana na bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika. Mnywaji atafutaye ukali tu hana pua ya kumwonya, kwani amekwisha kuizoeza kusamehe kila harufu mbaya.

Iko sababu nyingine ya kulisema jambo hili katika gazeti la watumishi. Zamani za Waingereza sheria za vileo zilimtenga Mwafrika na vinywaji vya Wazungu. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na chupa ikawa alama ya cheo. Utengano ule umekwisha zamani, lakini mabaki yake yangali vichwani mwetu. Karani akinunua bia ya chupa hutazama tarehe yake, huuliza kama ni baridi, huirudisha ikiwa imeharibika. Akienda kwa mama wa mtungi haulizi neno, ila kama ni kali. Ya kiwandani aihukumu kama kinywaji, ya nyumbani aihukumu kama dawa ya usingizi. Je, hiyo ni heshima kwa mwanamke aliyeamka alfajiri kuanika kimea?

Twajua wako wenzetu wasioonja kileo kabisa, kwa dini au kwa hiari, na hatuwaiti mezani. Wana haki, tena wana hoja: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha kileo kilicho salama kabisa kwa afya. Hatuandiki ili watu wanywe zaidi. Twaona kinyume chake, kwamba ajuaye kuonja hunywa kidogo. Jumamosi ile kila mtu alikunywa mafunda tisa, na tukarudi kwetu tukiwa na habari nyingi kuliko siku zote tulizokunywa debe.

Basi twashauri mambo manne. Kwanza, mtu asiisifu pombe yoyote mbele ya mpikaji kwa neno "kali" peke yake. Aongeze jambo moja la harufu au la ladha, na kama hana, anyamaze. Pili, apikaye kwa uvumilivu alipwe zaidi kidogo, maana siku ni mali, na yule mama hawezi kungoja siku tano kwa bei ya siku mbili. Tatu, wanachama wachange wanunue haidromita, kipimo cha kioo kieleacho, kwa ajili ya wapikaji wa wanzuki. Maji ya asali yakipima 1.080 kabla ya kuchachuka na 1.010 baada yake, tofauti yaonyesha kileo cha karibu asilimia 9; tena kipimo kikiendelea kushuka kila siku, mpikaji ajua kazi haijaisha na haifai kuuza. Kwa pombe nzito ya mtama kipimo hiki hudanganya, kwa sababu ya wanga ueleao ndani yake. Huko pua na ulimi vitabaki kuwa waamuzi. Nne, bilauri ikinuka rangi, siki kali au kuvu, irudishwe kwa upole na sababu ielezwe, kama tunavyorudisha hati yenye makosa kwa aliyeipiga chapa.

Sisi tumekwisha kuanza. Tulimwambia yule mama kwamba akiiacha pombe yake itimize siku, tutainunua yote kwa bei ya juu, nasi tutawaambia watu sababu. Alitutazama kwa muda, akacheka, akasema ataamini akiona fedha. Hatumlaumu, ametusikia tukisema mengi. Mtungi uko mahali pa baridi hivi sasa, na Jumamosi ijayo tutakwenda watano wale wale, na bilauri, na chaki, na fedha mkononi.