Asiyeona Ndiye wa Kwanza Kuhitaji Kompyuta

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi huku Mbagala, mama mmoja aliomba mwanawe mwenye uoni hafifu aruhusiwe kuingia darasani na simu. Mjumbe wa kamati akasimama kumjibu: "Mama, mtoto haoni, simu ya nini? Kwanza ajifunze kusoma kama wenzake." Watu wakapiga makofi. Meza kuu ikatikisa vichwa kukubali, ajenda ikafungwa, tukaingia kwenye mchango wa mlinzi.

Yale makofi yamenikera kuliko kauli yenyewe. Mtu mmoja kusema neno la ovyo ni jambo la kila siku. Ukumbi mzima wa wazazi kulipokea neno hilo kama busara ni msiba. Na wala halikuzaliwa siku ile. Nimelisikia kwenye mawaidha ya Ijumaa, nimelisikia kwenye mahubiri, kwenye vijiwe vya kahawa Tandika na kwenye daladala za Tegeta: kwamba simu, kompyuta na vishikwambi ni anasa, na kwa mtoto mwenye ulemavu ni anasa iliyopitiliza. Huyo apewe kwanza dawati, uji na huruma. Mambo ya mitambo yasubiri.

Imani hiyo ni ya uongo, na inawanyima watoto elimu kila siku kengele ya shule inapogongwa.

Chukua miwani. Miwani ni kifaa kilichotengenezwa kiwandani, na bei yake mara nyingine inaizidi simu ndogo ya Kariakoo. Mtoto akija nayo shuleni, hakuna mwalimu anayemwambia aivue, kwanza ajifunze kusoma kama wenzake. Hakuna mzazi anayelalamika kwamba mwenye miwani anapendelewa. Hakuna msimamizi wa mtihani anayemvua usoni akidai kwamba anaibia. Sote tumekubali kuwa jicho lake lina upungufu na kile kioo kinaufidia, basi, mjadala umekwisha. Simu inayokuza maandishi inafanya kazi ile ile kwa jicho ambalo miwani imelishindwa. Inayosoma kwa sauti inafanya kazi hiyo kwa mtoto ambaye jicho halipo kabisa. Anayeruhusu miwani na kukataza simu hiyo anieleze tofauti iko wapi. Nimeuliza sana, sijajibiwa.

Kwa jirani yangu Chamazi kuna binti wa darasa la tano mwenye ualbino. Wengi wetu tunadhani ualbino ni suala la ngozi, tunanunua kofia na mafuta ya jua tunajiona tumemaliza. Ukosefu wa melanini unaingia hadi ndani ya jicho. Mwanga unamwagika humo bila kizuizi, mboni zinachezacheza zenyewe, na uoni unabaki hafifu hata akivaa miwani. Binti huyu amewekwa dawati la mbele, ndiyo, lakini ni karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga unamuumiza kuliko kona nyingine yoyote ya darasa. Ubao kwake ni ukungu mweupe juu ya weusi. Ananakili kwa jirani yake, na jirani akikosea naye anakosea.

Jioni moja mwalimu wake wa Hisabati, kijana mwema, alimtumia baba yake picha ya ubao kwa WhatsApp. Nilikuwa pale sebuleni. Binti akaichukua simu, akaisogeza hadi karibu iguse pua, akatanua picha kwa vidole viwili mpaka namba moja ikajaza kioo kizima, kisha akaanza kutembea nayo kutoka kushoto kwenda kulia. Zilikuwa hesabu za sehemu. Akafungua daftari la asubuhi ile akalinganisha. Kila palipokuwa na mstari wa sehemu, yeye alikuwa ameandika alama ya kutoa, maana ndivyo alivyoona kwenye daftari la jirani. Chini yake kulikuwa na mkasi mwekundu wa mwalimu kwenye kila swali, na neno "Makini!" Alizifanya upya zote bila kumuuliza mtu. Mtoto aliyehesabiwa kuwa mzito wa kuelewa alikuwa anajua hesabu. Alichokosa ni kuziona.

Kesho yake simu ilibaki nyumbani, kwa sababu simu ni marufuku kwa wanafunzi.

Nakubali marufuku hiyo ina sababu zake kwa watoto wengine. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuitandika juu ya kila kichwa bila kuangalia nani yuko chini yake. Baraza la Mitihani lenyewe, ambalo hakuna anayeweza kulituhumu kwa ulegevu, linatoa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Linawaongezea watahiniwa hao dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Maana yake ni kwamba siku ya mtihani taifa linatambua mtoto huyu anahitaji herufi kubwa. Miaka saba kabla ya siku hiyo, darasani, tunamwambia ajitahidi kama wenzake! Anakuzwa maandishi ya kupimwa nayo, ananyimwa maandishi ya kujifunzia. Kama kuna mwenye akili timamu anayeweza kulitetea jambo hilo mbele ya mama wa mtoto, aje Mbagala.

Sasa nije kwa wasioona kabisa, ambao mjumbe wetu alidhani hawana haja na kioo. Nenda Uhuru Mchanganyiko, pale Kariakoo, shule iliyopokea watoto wasioona miaka mingi. Kazi ya nukta nundu ni kazi nzito kwa maana halisi ya uzito. Mashine ya Perkins ni ya chuma, ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na cha nafasi katikati. Inataka karatasi nene ambazo hazipatikani kwa muuza madaftari wa mtaani. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa kuwa nukta nundu kinagawanyika kuwa majuzuu makubwa kadhaa, hayaingii kwenye begi la mtoto yeyote. Kwa hiyo mtoto anasoma kitabu kikiwepo, na mara nyingi hakipo. Nukta nundu ibaki, tena iongezwe, maana bila hiyo mtoto hajui tahajia wala hesabu kwa vidole vyake. Lakini kitabu kile kile kikiwa ndani ya kompyuta hakina uzito wowote.

Na programu ya kukisoma ni bure. Inaitwa NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaungana naye James Teh, naye asiyeona. Walichoka kuona wenzao wakidaiwa fedha nyingi kwa programu ya kusomewa kioo. Inakubali sauti ya Kiswahili, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta iliyokwishatumika. Simu nyingi za Android zina kisomaji chao, TalkBack, kimo humo tangu dukani. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, ukiwashe. Mtoto anapitisha kidole juu ya kioo, simu inamtajia kilicho chini ya kidole, akikitaka anagonga mara mbili. Kijana asiyeona anaandika ujumbe kwa njia hii haraka kuliko mimi ninavyouandika kwa macho mawili. Ndiyo maana nasema asiyeona ndiye wa kwanza kuhitaji kompyuta. Mwenye macho akikosa kompyuta ana kitabu, ana ubao, ana bango la barabarani. Asiyeona akiikosa, amekosa vyote.

Wanaopiga makofi wajue pia kwamba hoja yao ni kuukuu. Louis Braille alibuni nukta nundu mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, mwanafunzi wa shule ya wasioona jijini Paris. Miaka ya 1840 uongozi wa shule ile ile ukaipiga marufuku na vitabu vikachomwa. Walimu wenye macho walisema itawatenga wasioona na wenzao, wasome herufi za kawaida kama wengine. Watoto waliendelea kuandikiana kwa siri usiku. Braille alifariki mwaka 1852, na Ufaransa ikaukubali rasmi mfumo wake mwaka 1854. Leo hakuna anayethubutu kuiita nukta nundu anasa. Wale waliochoma vitabu walikuwa na uhakika ule ule wa mjumbe wetu, na walikuwa wamekosea vile vile.

Najua jibu litakalokuja, maana lilitolewa pale pale kikaoni: wenzake wataona wivu, na yeye ataangalia mambo machafu. Hebu tulitazame. Mtoto ana simu inayotaja kwa sauti kila anachogusa, yuko katikati ya darasa la watoto zaidi ya mia moja, mwalimu yuko mbele. Huyo ndiye atakayefungua uchafu? Kisomaji kitamtangazia darasa zima kabla hajafika popote! Na huo wivu, wivu wa nini? Hakuna mtoto aliyewahi kumwonea wivu mwenzake kwa kiti cha magurudumu. Watoto wanaelewa haya mambo haraka. Wazito wa kuelewa ni sisi wazazi.

Hoja ya fedha ndiyo inayonitia hasira zaidi, kwa sababu ninakaa kwenye vikao hivi na ninaona fedha zinakokwenda. Mahafali ya darasa la saba yamegeuka harusi. Kuna keki, kuna turubai, kuna muziki wa kukodi na mshereheshaji anayelipwa, kuna sare za siku moja. Mzazi anayeuza mihogo anabanwa mpaka atoe. Sijawahi kusikia kamati ikipitisha mchango wa karatasi za nukta nundu au wa betri za shimesikio la mtoto mmoja. Na wenye fedha hawana nafuu: zile shule binafsi zenye mabasi ya njano yaliyochorwa kompyuta ubavuni, mpeleke mtoto mwenye usonji uone. Utaambiwa nafasi zimejaa, mwezi wa Desemba, wakati bango la kutafuta wanafunzi bado linaning'inia getini.

Vifaa vyenyewe, kwa kiasi kikubwa, tunavyo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu wa shule za serikali baada ya kazi kwisha. Sensa ile ile ndiyo iliyotuambia kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Kifaa kilichopita mlangoni kumhesabu mtoto huyu sasa kimo kwenye mkoba wa mwalimu wake, kina kamera ya kupiga picha ubao na kina sauti ya kumsomea. Kinachohitajika ni mwalimu kukitoa na kukiweka juu ya dawati lake kwa dakika arobaini za kipindi. Sijasikia bajeti ya kitu kama hicho, kwa sababu hakihitaji bajeti. Kinataka ruhusa tu, na mwalimu aliyeonyeshwa namna. Chuo cha Patandi, Arusha, kimefundisha walimu wa elimu maalumu kwa miongo. Mmoja wao akizunguka kata kwa kata ndani ya Temeke, kazi hiyo inafanyika.

Halafu kuna wanaosema watoto hawa wana shule zao. Zipi? Uhuru Mchanganyiko, Buguruni Viziwi, Sinza Maalumu, Mtoni Maalumu na nyingine za kuhesabika, kwa jiji la watu zaidi ya milioni tano. Anayesema hivyo hajawahi kumpandisha mtoto asiyeona daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, konda akipiga bodi gari liondoke kabla mguu wa pili haujaingia. Mabwepande hadi Kariakoo ni safari ya kumchosha mtu mzima, sembuse mtoto wa darasa la kwanza. Na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 hausemi watoto wapelekwe "kwao". Unawataka wasome shule ya jirani, pamoja na watoto wa mtaani kwao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inawapa haki ya elimu ndani ya mfumo huu huu wa kawaida na nyenzo za kuwasaidia. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tulisaini kwa hiari yetu, hakuna aliyetushika mkono.

Maafisa elimu wa Temeke na Kinondoni, mnaweza kulimaliza hili kwa waraka wa ukurasa mmoja: mwanafunzi mwenye uoni hafifu, asiyeona au kiziwi aruhusiwe kutumia kifaa chake darasani chini ya usimamizi wa mwalimu, na asiye na kifaa atumie kishikwambi cha shule. Uandikeni kabla ya muhula ujao. Na wewe mzazi uliyepiga makofi, kikao kijacho mama yule akisimama tena, nyoosha mkono umuunge.