Kipigo cha Nyumbani Hakitokani na Hasira

Katika nyumba za Mtongwe ambamo vyumba huelekeana kwenye ukumbi mmoja, ugomvi wa mume na mke hausikiwi na wao pekee. Jirani husikia sauti zikipanda, kisha kishindo. Asubuhi huambiwa kwamba bwana alipandwa na hasira.

Maelezo hayo hayatoshi. Bwana huyo huyo akifokewa na msimamizi wake kazini humeza hasira yake. Mbona ashindwe kuimeza mlangoni pake tu? Umaskini na ulevi huchochea moto, sikatai, lakini wako maskini na walevi wengi wasiowainulia wake zao mkono.

Ugomvi wa kawaida huwa na kitu kinachogombewa: karo, kodi ya nyumba, simu iliyolia usiku. Hugeuka kipigo pale mmoja anapoona kwamba linalobishaniwa sasa ni nani mwenye amri. Mke huanza kuulizwa mshahara wake umekwenda wapi, na kwa nini amechelewa kuvuka feri. Kofi huja baadaye, na huzidi uzito anapofunga virago. Wengi hudhani akiondoka hatari imekwisha. Mara nyingi ndipo inapokuwa kubwa zaidi.

Mfano ulio wazi ulitokea mbali na Pwani. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi Agosti 2024. Septemba 1 alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, kwa mujibu wa polisi, na mwanamume waliyekuwa na uhusiano naye. Alifariki Septemba 5. Mzozo ulihusu ardhi, na babaye alisema malalamiko yalikuwa yamefikishwa kwa polisi mapema.

Sheria ya Kenya ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani imeliona hilo. Haikutaja kipigo tu. Imetaja vitisho, kumfuatafuata mtu na dhuluma za kiuchumi, na mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi kabla damu haijamwagika. Ajabu ni kwamba wazee wetu wa usuluhishi wangali wakisubiri jeraha, na kabla ya hapo humwambia mke avumilie.

Basi mwalimu akimsikia kijana wa kidato cha nne akijigamba kwamba huikagua simu ya mpenzi wake kila jioni, asicheke pamoja na darasa. Amwulize, mbele ya wenzake, siku msichana akikataa kuitoa atafanya nini.