Riwaya ya Jumba la Mfalme



Mama mmoja ameniletea swali. Amemkuta bintiye wa kidato cha nne akisoma riwaya ya Kiingereza juu ya hawara wa mfalme, na baba mtu ameapa kuichana. Auliza: je, kitabu kama hiki chafaa kuwamo katika nyumba ya Waislamu?

Riwaya yenyewe ni The Other Boleyn Girl, aliyoiandika Philippa Gregory mwaka 2001. Nimeiazima, nikaisoma. Yasimulia habari za ndugu wawili, Mary na Anne Boleyn, katika jumba la Henry VIII wa Uingereza. Zimo kurasa za faragha ambazo sikuzipenda, wala sishauri binti wa umri ule aachiwe nazo peke yake. Lakini kabla ya kuichana, baba na aisome hadi mwisho, kwani yamhusu yeye zaidi kuliko bintiye.

Katika riwaya hiyo, baba na mjomba huketi wakapanga ni binti yupi atangulizwe mbele ya mfalme. Mary ni mke wa mtu, na hilo haliwazuii. Mazungumzo yao ni ya kubuni. Riwaya si taarikhi. Matokeo, hata hivyo, yamo katika taarikhi. Mwaka 1529 baba yao, Thomas Boleyn, alipewa cheo cha Earl wa Wiltshire. Mwaka 1533 Anne akawa malkia. Tarehe 17 Mei 1536 George, ndugu yao, alikatwa kichwa. Tarehe 19 akafuatia Anne, akamwacha mtoto asiyetimiza miaka mitatu. Mzee yule alizika matumaini ya watoto wawili ndani ya siku tatu.

Aliyesalimika ni Mary. Alifukuzwa jumbani mwaka 1534 kwa kuolewa na mwanamume asiye na mali. Barua aliyomwandikia waziri Thomas Cromwell ingaliko, na humo aonyesha kwamba ufukara pamoja na mumewe waushinda utukufu wa malkia.

Ndugu zangu, Qur'ani nayo yatusimulia, katika Surat Yusuf, habari ya nyumba ya mkubwa na milango iliyofungwa. Kisa hakikufichwa, wala maasi hayakupambwa. Basi hicho ndicho kipimo chetu: je, hadithi yaipamba dhambi, au yatuonyesha gharama yake?

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya Uingereza ya kale tu. Binti hurejea na simu ya thamani, mama asimuulize imetoka wapi. Tajiri mwenye wake na watoto huleta gunia la mchele, baba akampokea kwa bashasha, ilhali ajua analolitafuta. Hatuna jumba la mfalme hapa kwetu, lakini njia ya kuliendea twaijua.

Kwa hivyo, mama, usikichane kitabu. Kisome wewe kwanza, uziruke kurasa zisizofaa, kisha ukae na binti yako umuulize: ni nani aliyefaidika, na ni nani aliyelipa? Akishajibu, mpelekee baba yake swali lilo hilo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mabinti zetu, na atuhifadhi sisi na tamaa zetu juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.